Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kumjenga Mhusika Asiyekufa Bila Kuiua Hadithi

Miswada mingi ya fantasia ninayopewa kusoma huanguka mahali pamoja. Sura ya kwanza inapendeza, ya pili inashika kasi, halafu katika ya tatu au ya nne mhusika mkuu anachomwa upanga wa tumbo, anauchomoa, anaendelea na safari. Kuanzia hapo msomaji anasoma kwa adabu tu. Hana tena la kuhofia. Mwandishi naye anahisi kuna kitu kimelegea, kwa hiyo anaongeza vita, anaongeza majoka, anaongeza wachawi. Mswada unanenepa, hofu hairudi.

Kila nikichimba nakuta chanzo kilekile: kutokufa kumeachwa bila mpaka. Hakuna anayejua kunaanzia wapi, kunaishia wapi na kunamgharimu nani, na mara nyingi mwandishi mwenyewe hajui. Hatua zilizo hapa chini ni za kuuchora mpaka huo kabla hujaandika sura nyingine. Zifuate kwa mpangilio, maana kila moja inaegemea iliyotangulia.

## Utakachohitaji

- Daftari la sheria. Liwe mbali na mswada. Humo huandiki hadithi, unaandika tu jinsi ulimwengu wako unavyofanya kazi.
- Kikokotoo, hata cha kwenye simu.
- Karatasi ndefu ya kuchora mstari wa miaka. Ukiunganisha nne kwa gundi zinatosha.
- Vipande vya karatasi ngumu, kimoja kwa kila mhusika aliyeishi zaidi ya miaka 100.
- Msomaji mmoja asiyekuonea haya, ambaye bado hujamsimulia hadithi yako. Ukishamsimulia, hafai tena kwa kazi hii.
- Siku tatu au nne za kutogusa mswada kabisa.

Nitatumia mhusika mmoja niliyemtunga kwa ajili ya mwongozo huu. Anaitwa Zuhali, na kazi yake ni kuvusha watu mtoni kwa mtumbwi.

## Hatua ya 1: Amua ni kutokufa kwa namna gani

Neno "hafi" lina maana nyingi. Kuna asiyezeeka, lakini ukimchinja anakufa. Kuna anayezeeka bila kufa, kama Tithonus wa visasili vya Kigiriki: Eos, mungu wa kike wa mapambazuko, alimwombea uhai usio na mwisho akasahau kumwombea ujana, na mwanamume yule akanyauka hadi asiweze kuinua mkono wala mguu, imebaki sauti tu. Kuna ambaye majeraha yake hujifunga. Kuna anayekufa kweli kisha akarudi. Kuna ambaye roho yake huhama kutoka mwili hadi mwili. Na kuna ambaye uhai wake umefichwa nje yake, kama Koschei wa ngano za Kirusi, ambaye kifo chake kiko kwenye ncha ya sindano, sindano imo ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura.

Chagua namna moja, au mbili zinazoshikana. Kila namna ina hofu yake. Asiyezeeka anaogopa upanga kuliko wewe na mimi, kwa sababu ana miaka mingi zaidi ya kupoteza. Anayezeeka bila kufa anaogopa kesho. Anayehama mwili anaogopwa na wengine, kwa kuwa mwili anaouingia ulikuwa na mwenyewe. Ukirundika namna nne kwa mtu mmoja, hofu hizo zinafutana na unabaki na jiwe linalotembea.

Ukichagua kutozeeka peke yake, chukua kikokotoo. Tuseme katika ulimwengu wako kila mwaka mtu mmoja kati ya 1,000 hufa kwa ajali, vita au ugonjwa. Anza na watu 1,000 wasiozeeka. Baada ya miaka 693 hivi wamebaki nusu. Baada ya miaka 1,000 wamebaki takriban 368, na baada ya miaka 5,000 wamebaki saba tu. Kwa hiyo mzee wa miaka 10,000 katika hadithi yako anahitaji maelezo: amejificha wapi, nani alimlinda, amekwepa nini? Nimeona jibu la swali hilo moja likizaa nusu ya msuko.

Utajuaje umefaulu: jiulize, "Akikatwa kichwa inakuwaje?" Kama unaweza kujibu kwa sentensi moja bila kusema "inategemea", songa mbele. Zuhali hazeeki, na jeraha lake lolote, hata la shingoni, huwa limejifunga kabla ya mapambazuko.

## Hatua ya 2: Panga bei, na umtaje anayeilipa

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko pote.

Waandishi karibu wote nikiwauliza kutokufa kunagharimu nini hunijibu, "Upweke. Anaona wapendwa wake wakifa." Ni kweli, inahuzunisha, na haitoshi hata kidogo. Upweke haumzuii mhusika kufanya jambo lolote katika ukurasa wa 90. Anaweza kuwa mpweke na bado akaruka kutoka mnarani, akapigana na jeshi zima, akanywa sumu kwa kujionyesha. Bei inayofanya kazi ni ile inayomfanya asite kabla ya kuutumia uwezo wake, na msomaji akasita pamoja naye.

Andika mambo matatu kwenye daftari: nani analipa, analipa lini, na kiasi gani.

Kwa Zuhali niliandika hivi: kila jeraha lake linapopona, mtu aliyelala karibu naye kuliko wote usiku huo huamka amezeeka. Mkwaruzo humla jirani siku chache. Jeraha la kuua humla miaka kumi.

Sasa tazama jinsi mambo yanavyojiandika yenyewe. Zuhali hulala ukingo wa pili wa mto, mbali na kijiji, na wanakijiji hudhani anajivuna. Hawezi kuoa wala kuolewa bila kusema ukweli. Akiwa na kidonda huzunguka usiku kucha akitafuta mahali pasipo na mtu. Na adui akishaijua siri hana haja ya silaha ya ajabu: anamfunga chumba kimoja na mtoto wa miaka minne, kisha anamchoma kisu. Mtu yuleyule asiyeweza kuuawa sasa analia akiomba asiguswe. Hofu imerudi, na hatukuongeza joka hata moja.

Maumbile nayo yana bei ya namna hii, ukitaka mahali pa kuchota wazo. Mwaka 1961 mwanabiolojia Leonard Hayflick, pamoja na mwenzake Paul Moorhead, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 50 hivi kisha hukoma. Seli za saratani hukipita kikomo hicho na kuendelea kugawanyika, na mwili mzima ndio unaolipa. Seli iliyokataa kufa inamuua mwenye nyumba yake. Mtu angeweza kujenga ufalme mzima juu ya jambo hilo.

Tahadhari: usiiache bei ilipwe mara moja tu hapo zamani, kwa mfano "aliiuza nafsi yake miaka 400 iliyopita". Deni lililokwisha kulipwa halimtishi mtu. Bei iendelee kudaiwa.

## Hatua ya 3: Fungua mlango mmoja wa kifo

Hata kama mhusika wako hatakufa hadi ukurasa wa mwisho, lazima pawe na njia ya kufa, na wewe uijue. Usiipachike kutoka nje. Iangalie bei uliyoiandika na uulize: ni nini kitatokea bei isipolipika?

Kwa Zuhali jibu lilikuja lenyewe. Kama hakuna mtu aliyelala ndani ya mwendo wa saa moja, hakuna wa kulipa, na jeraha halifungi. Maana yake ni kwamba kila anapokimbilia msituni ili kuwanusuru wengine, ndipo anapoweza kufa. Wema wake ndio mlango wake. Sikuupanga hivyo nilipoanza. Ulitokana na kuiheshimu bei.

Kipimo kizuri cha mlango tunacho katika masimulizi yetu ya Fumo Liyongo. Mikuki na mishale haikumuua. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba, tena kitovuni. Angalia vitu vilivyokusanyika hapo. Chombo ni kidogo na cha kawaida. Mahali ni pa karibu, hapafikiki na adui aliye mbali. Na siri anaijua yeye mwenyewe, kwa hiyo haitoki ila kwa mtu anayempenda. Ndiyo maana aliyemdunga ni mwanawe, Liyongo akiwa amelala. Hata baada ya hapo alijikokota na upinde wake hadi kisimani, akapiga goti, akafia hapo akiwa ameuvuta, na watu wakaogopa kuteka maji kwa sababu walidhani yu hai. Udhaifu mdogo ulizaa usaliti, kifo, na kiu ya mji mzima.

Jifunze pia kwa Baldr wa visasili vya watu wa kaskazini mwa Ulaya. Mama yake, Frigg, aliviapisha vitu vyote visimdhuru, akauacha mmea mmoja kwa kuwa aliuona bado mchanga mno. Mlango wa kifo hapo ni uzembe wa upendo. Hilo linagusa kuliko kisu cha kichawi kilichofukiwa pangoni.

Tahadhari: mlango usiwe kitu kinachojulikana kwa mara ya kwanza siku kinapotumika. Upanga pekee unaoweza kumuua, ukiletwa sura ya 28 na mgeni tusiyemjua, msomaji ataona umemdanganya. Na milango miwili inatosha sana. Ikifika mitatu, huyo ni binadamu wa kawaida mwenye bahati.

Utajuaje umefaulu: unaweza kumtaja mtu mmoja ndani ya hadithi anayeweza kuufungua mlango huo, na unaweza kueleza kwa nini angeumia kufanya hivyo.

## Hatua ya 4: Uhoji mwili wake

Hatua hii ni fupi, imalize kwa jioni moja. Jibu kila swali kwa mstari mmoja:

- Anasikia maumivu? Yanaisha lini?
- Asipokula mwezi mzima inakuwaje?
- Akizama majini, anazama na kufufuka na kuzama tena?
- Kidole kilichokatwa kinaota, au kinabaki gutu?
- Meno yake ya miaka 300 yakoje?
- Anaweza kuzaa, na mtoto anakuwa wa namna gani?
- Akilewa? Akipata homa? Akipata wazimu?

La mwisho husahauliwa, ilhali akili ni sehemu ya mwili. Amua kama ugonjwa wa akili hupona kama jeraha, au huachwa upevuke kwa karne.

## Hatua ya 5: Mpe kumbukumbu inayovuja na ulimi wa umri wake

Miaka 300 ni takriban siku 109,570. Hakuna kichwa kitakachozibeba zote zikiwa safi, na mhusika anayekumbuka kila kitu huishia kuwa kabati la taarifa: akiulizwa lolote analo jibu, na siri haina pa kujificha.

Chukua kile kipande cha karatasi ngumu cha kila asiyekufa. Upande mmoja andika mambo matano anayoyakumbuka kwa uwazi kabisa, hadi harufu. Upande wa pili andika mambo matano aliyoyasahau na yanayomuuma kuyasahau. Zuhali anakumbuka uzito wa mlango wa nyumba aliyozaliwa. Hakumbuki jina la mama yake. Hapo umepata mtu.

Halafu ulimi. Mtu wa miaka 600 anayeongea kama kijana wa leo anavunja imani ya msomaji kwa sentensi moja. Lakini usimjaze maneno makongwe hadi asieleweke. Mpe tabia mbili tatu za usemi: methali ambayo wengine hawaijui tena, jina la zamani la mji, namna ya kumsalimia mdogo ambayo imeshapitwa na wakati. Mengine mwachie azungumze kama walio karibu naye, kwa kuwa mtu aliyeishi karne sita miongoni mwa wenzake amejifunza kubadilika.

Tahadhari: busara haiji kwa umri peke yake. Mtu anaweza kurudia kosa moja kwa miaka 500. Mwenye hasira ya karne tano anatisha, na anaaminika, kuliko mzee mwingine mwenye ndevu nyeupe anayetoa nasaha.

## Hatua ya 6: Hesabu idadi yao

Kama yuko mmoja tu, ruka hatua hii. Kama ni jamii nzima, usiiruke.

Tuseme wasiokufa ni 200, wanazaana, na idadi yao huongezeka maradufu kila miaka 50. Baada ya miaka 500 ni 204,800. Baada ya miaka 1,000 ni zaidi ya milioni 209. Wamejaa, na msitu wako wa siri wenye wazee wachache wenye hekima haupo tena. Kwa hiyo chagua: ama hawazai, ama wanauana, ama mtoto huzaliwa tu mmoja wao anapokubali kufa. Hilo la tatu hunisisimua kila nikiliwaza, maana mimba ndani ya jamii kama hiyo ni swali linalowakalia watu wote kooni.

Fedha nazo zina hesabu yake. Sarafu 100 zikiwekezwa kwa faida ya asilimia 3 kwa mwaka, na faida ikarudishwa kwenye mtaji, baada ya miaka 300 zimepita 700,000. Asiyekufa mwenye subira kidogo atamiliki nchi. Ukimtaka awe maskini, eleza nani anamnyang'anya.

Chora sasa mstari wa miaka. Weka alama za kuzaliwa, vita, ndoa na falme, kisha kagua nani alikuwa hai wakati wa nini. Makosa mengi hujitokeza hapa: jemadari anayeshangaa kuisikia vita ambayo, kwa hesabu yako, alikuwa na miaka 40 ilipopiganwa.

## Hatua ya 7: Kaa upande wa adui mwerevu

Funga daftari, vaa kofia ya adui, na umpe saa nzima ya kufikiri. Adui mjinga hujaribu kumuua asiyeuawa. Mwerevu anamfukia. Anamfunga mnyororo na kumtupa baharini, anamjengea ukuta akiwa ndani, au anamtia gerezani na kungoja. Na anayefufuka kila siku akiwa chini ya mawe ana adhabu iliyo mbaya kuliko kifo.

Orodhesha njia kumi. Kwa kila njia iliyofaulu, chagua: uizibe kwa sheria iliyo tayari daftarini, au uitumie katika hadithi. Usitunge sheria mpya ya kumwokoa. Msomaji makini atafikiria kufukiwa kabla ya sura ya tano, na asipoona hata dalili kwamba wewe pia umefikiria, atakuacha.

Hata viumbe halisi vinavyokaribia kutokufa havipiti mtihani huu. Turritopsis dohrnii, yavuyavu mdogo wa baharini, akiumia au kukosa chakula anaweza kurudi kwenye umbo lake la uchanga na kuanza maisha upya. Hilo halijamwokoa na kinywa cha anayemla.

## Hatua ya 8: Mpe msomaji sheria kidogo kidogo

Usimwage daftari lote katika sura ya kwanza. Mpangilio ninaoupendekeza ni wa mara tatu.

Kwanza uvumi, na uwe na kosa ndani yake. Wanakijiji wanasema anayemvulia Zuhali kilemba hupata mkosi. Wameona watu waliozeeka ghafla, sababu hawaijui.

Pili, tukio linaloonyesha bei kwa kiasi kidogo. Zuhali anakatwa na kamba ya mtumbwi, msafiri analala karibu naye bila ruhusa, na asubuhi ana mvi moja asiyokuwa nayo jana. Msomaji ananusa.

Tatu, ukweli, unaotamkwa na mtu anayepoteza kitu kwa kuutamka. Baada ya hapo usibadilishe lolote. Sheria ikishatamkwa waziwazi ni ahadi kati yako na msomaji. Ukiona mwisho hauwezekani bila kuivunja, rudi sura za mwanzo ubadilishe sheria huko, kisha upitie kila ukurasa ulioguswa. Ni kazi ya wiki nzima, na hakuna njia ya mkato.

## Hatua ya 9: Jaribu kwa msomaji mmoja

Mpe yule msomaji sura tatu za kwanza. Akimaliza, usimuulize kama amependa. Muulize swali moja tu: "Unaogopa nini kimpate?"

Akijibu, "Hakuna, si hafi?", rudi hatua ya 2, bei yako haijaonekana. Akijibu kwamba anaogopa atauawa, angalia hatua ya 3, huenda mlango umeufungua mapema mno. Jibu unalolitafuta ni lile linalotaja mtu mwingine, au kitu ambacho mhusika anaweza kupoteza akiwa hai.

Niliposimulia mwanzo wa Zuhali kwa rafiki mmoja, alinyamaza kidogo, kisha akauliza yule mtoto aliyefungwa naye chumbani aliamka na miaka mingapi. Usiku ule nilikaa nikaandika sura ya nne.